Mbona jirani kafanyiwa mtoto wa jicho fasta, mimi naambiwa nisubiri miezi mitatu?

Hili swali halituishi, na safari hii limekuja na hasira: eti kliniki inawazungusha wagonjwa ili walipie mahudhurio. Jirani yake alipimwa, akapasuliwa, akarudi nyumbani, yeye kila akija anaambiwa jicho bado. Haya, tuelezane.

Jirani yako ana mtoto wa jicho wa uzee. Wewe una uveitisi, jicho linawaka kwa ndani, na mtoto wa jicho wako ametokana na huo ugonjwa pamoja na steroidi ulizotumia kuutuliza, ndo maana tunawaona vijana kabisa lenzi imeshaingia ukungu. Ukilipasua jicho likiwa bado linawaka umelichokoza: linajaa utando, airisi (ile duara yenye rangi inayozunguka mboni) inang'ang'ania lenzi mpya, retina (pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha) pale katikati inavimba maji, halafu unashangaa operesheni imeenda vizuri lakini kusoma huwezi.

Tunachosubiri ni chembe kuisha. Ukiweka kidevu kwenye ile mashine yenye mwanga mwembamba, tunahesabu chembe nyeupe za damu zinazoelea kwenye maji ya mbele ya jicho, na kwa kawaida tunataka jicho likae kimya angalau miezi mitatu mfululizo. Hapo ndo ubishi unaanza, "mbona haliumi, mbona si jekundu?" Wapo watoto wenye uveitisi inayoambatana na ugonjwa wa viungo ambao jicho ni jeupe pee, hawalalamiki chochote, na ndani chembe zimejaa. Kuna wachache hatuwasubirishi, mfano lenzi yenyewe ikivuja na kuwasha jicho, ila hilo tunaliamua sisi kwenye mashine, sio wewe kwenye simu.

Sasa njia za mkato. Mama mmoja alichoka kusubiri akaenda kwingine, historia yake akaificha makusudi ili wasimcheleweshe, akapasuliwa bila maandalizi yoyote. Alirudi kwetu mboni imezibwa na utando, na kumtuliza kulikula muda mrefu na hela kuliko operesheni yenyewe.

Mwingine, fundi cherehani, alikuwa anajinunulia matone ya steroidi dukani kwa kichupa cha zamani, kila wekundu ukirudi anadondoshea, unaondoka, anaendelea na kazi. Presha ya jicho ikawa inapanda kimyakimya kwa sababu steroidi inaweza kufanya hivyo na wala husikii kitu, tulivyompima mshipa wa fahamu wa jicho, ule unaopeleka picha kwenye ubongo, ulikuwa umeshaliwa na glakoma, yaani uharibifu unaoletwa na hiyo presha. Lenzi tunabadilisha, mshipa haubadilishwi. Na msituelewe vibaya, matone hayohayo tunayaandika sisi kila siku, lakini tunapima presha huku tunayaandika, na hatuyakatishi ghafla, tunapunguza polepole.

Kwa nini bei ni kubwa kuliko ya jirani? Kwanza skani ya retina, tujue kama huko nyuma kuna kitu cha kuokoa, kama hakuna tunakwambia kabla hujalipa. Wengi wanaanza vidonge vya steroidi siku kadhaa kabla, na aliyewahi kupata uveitisi ya kirusi cha hepesi anawekewa na dawa ya virusi. Mezani mboni haifunguki, airisi imegandana na lenzi, inabidi kuiachanisha taratibu na kuishikilia kwa vindoano vidogo au pete. Juzijuzi tulimfanyia dada mmoja airisi ilikuwa imegandana mzunguko mzima, muda ulienda karibu mara mbili ya kawaida, na ukiiona ile mboni yake sasa hivi ilivyo duara, acha tujisifu kidogo.

Baada ya hapo matone ni ya wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Mtu akiona vizuri siku ya tatu anaacha, ndo huyo anarudi amevaa miwani ya jua, jicho limewaka tena na mwanga unamuumiza! Ukungu ukirudi nyuma ya lenzi miezi au miaka baadaye, hilo ni la kawaida zaidi kwa wenye uveitisi, leza ya dakika chache inaufungua, tena jicho likiwa limetulia.

Ukija, beba vichupa vyote hata vilivyoisha, vidonge vyote, na majibu ya vipimo vya kifua, damu na viungo. Na kama dawa uliziacha mwenyewe, sema, hatugombi.