Kwenu vijana wa jumuiya, kuhusu yule mgeni wodini

Wanangu,

Jumamosi baada ya sala mlibishana juu ya mgeni aliyelazwa pale hospitalini bila ndugu. Mmoja wenu akasema hata Mtakatifu Thoma wa Akwino, yule mwalimu mkuu wa Kanisa wa zama za kati, alifundisha kuwa damu huja kwanza, na kikapu cha mchango kikarudishwa kabatini. Nimekuwa katekista miaka mingi, na usiku ule usingizi ulinipaa. Neno la Thoma mmelichukua nusu.

Ni kweli alipanga. Ndani ya Summa Theologiae, kitabu chake kikubwa cha mafundisho ya imani kilichopangwa kwa maswali, alichoanza kukiandika mwaka 1265, kuna swali zima lenye vipengele 13 juu ya nani apendwe kwanza. Mungu, kisha nafsi yako, kisha jirani. Ila roho ya jirani hutangulia mwili wako mwenyewe. Na ndugu wa damu hupendwa kwa nguvu kuliko mtu baki, hata kama huyo baki ni mtakatifu kuwapita. (Pale anapomweka baba juu ya mama simfuati, alitegemea elimu ya uzazi ya zama zake.)

Lakini mbona hamkuendelea kusoma? Maswali matano mbele, anapofikia kutenda wema, anasema mgeni aliye katika shida ya mwisho asaidiwe kabla hata ya baba mzazi ambaye shida yake si kubwa kiasi hicho. Baba mzazi! Na Thoma alijua damu inavyovuta: alipojiunga na Wadominiko, shirika la watawa, mwaka 1244, ndugu zake walimkamata njiani wakamfungia nyumbani karibu mwaka mzima.

Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa Algeria ya leo, alikwisha kutoa sababu miaka zaidi ya 800 kabla yake, nami ndiyo inayonigusa zaidi. Watu wote wapendwe sawa, alisema, ila kwa kuwa huwezi kuwafaa wote, waangalie hasa wale ambao mahali, wakati au jambo lolote limewasogeza kwako, kana kwamba kwa kura. Pale hakutaja damu. Mgonjwa yule yuko ng'ambo ya barabara ya kanisa letu. Kura imewaangukia ninyi.

Sisemi muwatupe wa nyumbani. Ada ya mdogo wako ni deni lako, ilipe. Ila ada mwalimu atakuvumilia wiki mbili. Dawa ya yule mtu inatakiwa kesho kutwa. Kesho baada ya misa ya asubuhi nitakaa mlangoni na kikapu kile kile.

Mzee wenu, katekista