YAH: Malalamiko kuhusu kazi ya ulinzi wa akaunti zetu 17 za AWS

Mwanza
11 Juni 2025

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaandika kwa niaba ya shirika letu la huduma za afya, lenye zahanati na vituo vya afya Mwanza, Geita na Simiyu, kuhusu kazi ya kulinda akaunti zetu za AWS (kompyuta na hifadhi za Amazon tunazokodi kupitia mtandao) mliyotukabidhi tarehe 28 Februari mwaka huu mkathibitisha kwa maandishi kwamba imekamilika. Haikuwa imekamilika, na aliyetugundulia hilo ni mgonjwa.

Asubuhi ya tarehe 22 Mei, mama mmoja wa makamo alirudi kwenye kituo chetu akiwa na simu mkononi. Siku mbili kabla alikuwa ametumiwa kiungo cha kufungulia majibu yake ya maabara. Mjukuu wake alipokuwa akikiandika upya kwenye simu nyingine alikosea tarakimu ya mwisho, yakafunguka majibu ya mtu wasiyemjua: jina, umri, kijiji anakotoka na kipimo alichopimwa. Mama yule akamnyooshea muuguzi simu akasema, "Mwanangu, haya si ya kwangu, na wala sitaki kuyajua." Muuguzi akaniita. Nilisimama pale kaunta nikiyatazama majibu hayo kwenye kioo kilichopasuka pembeni. Simu haikuwa imeuliza neno la siri wala namba ya mgonjwa. Nikajua baketi, yaani hifadhi ya faili hizo ndani ya AWS, iko wazi kwa dunia nzima.

Kiambatisho cha pili cha mkataba wetu kinataja akaunti zote 17 kwa namba zake, pamoja na kanda mbili, yaani maeneo ziliko kompyuta za AWS: Ireland, iliko mifumo ya ofisi, na Cape Town, ziliko taarifa za wagonjwa. Mlitakiwa kuzuia baketi za S3, huduma ya AWS ya kuhifadhi faili, zisifunguke kwa umma katika ngazi ya akaunti, kuwasha GuardDuty (inayotambua dalili za uvamizi) na Security Hub (inayokusanya taarifa za usalama mahali pamoja), na kuhakikisha kila akaunti mpya inaingia kwenye ulinzi huo yenyewe. Mlisema mtaifanya kazi yote kwa amri za terminali, yaani kwa kuandika badala ya kubofya. Niliunga mkono, na hata leo naunga mkono, kwa sababu mtu anayebofya akaunti moja moja kwenye kivinjari atachoka na ataruka kitu. Sina ugomvi na njia mliyochagua. Nalalamikia namna mlivyoitumia.

Usiku ule nilifungua skripti yenu, lile faili la amri zinazotekelezwa kwa mfululizo, na kuisoma mstari kwa mstari. Inazunguka akaunti zote 17, na katika kila akaunti inaazima jukumu la OrganizationAccountAccessRole, yaani ruhusa ya kuingia na kuisimamia akaunti hiyo, kisha inatoa amri ya kuzuia umma. Amri zote mbili zinaishia hivi: `2>/dev/null || true`. Sehemu ya kwanza inautupa ujumbe wowote wa kosa usionekane. Ya pili inafanya amri iliyoshindwa ihesabiwe kuwa imefaulu. Mstari unaofuata ni `echo` inayoandika namba ya akaunti na neno IMEKAMILIKA. Ripoti mliyotuletea, ile yenye mistari 17 ya IMEKAMILIKA na muhuri wa kampuni yenu chini yake, ilitokana na hiyo `echo`. AWS haikuulizwa kama amri zilifaulu. Hata ingekataa mara 17, ripoti ingetoka vilevile.

Na kweli ilikataa, mara tano. Akaunti inayofunguliwa ndani ya AWS Organizations, huduma inayounganisha akaunti za shirika moja, huzaliwa na jukumu hilo. Akaunti iliyoalikwa kutoka nje haiwi nalo mpaka mtu alitengeneze kwa mkono. Akaunti zetu tano zilialikwa mwaka 2023, tulipopokea vituo vilivyokuwa chini ya mshirika wetu, na jambo hilo liko kwenye hadidu za rejea tulizowapa kabla hamjasaini. Akaunti ya maabara ni mojawapo. Baketi yenyewe ni ya mwaka 2021, kwa hiyo haikunufaika na mabadiliko ya Aprili 2023, AWS ilipoanza kuzifunga baketi mpya kwa umma bila mteja kuomba. Ndiyo maana tuliwaajiri. Vitu vya zamani havijifungi vyenyewe.

Kwa GuardDuty na Security Hub tatizo ni jingine. Huduma hizi huwashwa kanda kwa kanda, lakini kwenye skripti nzima hakuna mahali mlipoandika `--region`. Amri isiyotajiwa kanda huenda kwenye kanda iliyowekwa kwenye profaili, yaani mipangilio, ya anayeiendesha, na ya fundi wenu ilikuwa Ireland. Nilipoiuliza Cape Town kwa `aws guardduty list-detectors --region af-south-1`, jibu lilikuwa `"DetectorIds": []`. Mabano matupu. Nikarudia kwenye akaunti zote zinazotumia kanda hiyo, nikapata mabano matupu kila mahali. Kwa takriban miezi mitatu tuliamini kuna mlinzi langoni kwenye taarifa za wagonjwa, kumbe lindo lote lilikuwa kwenye barua pepe na kalenda za ofisi. Akaunti ya 18, tuliyoifungua Aprili, haikupata ulinzi wowote katika kanda yoyote, ingawa kuandikisha akaunti mpya ni amri moja tu kwa kila huduma katika kila kanda, ile ya `update-organization-configuration`.

Yapo makosa ambayo fundi yeyote anaweza kuyafanya, nami nimewahi kuyafanya. Hili linalofuata silichukulii hivyo.

Tarehe 14 Februari fundi wenu alituma skripti hiyo kwenye kundi la WhatsApp la mradi, na ndani yake, mstari wa nne, kulikuwa na ufunguo wa kudumu unaoanza na AKIA pamoja na siri yake, umeandikwa waziwazi. Ufunguo huo ni wa akaunti kuu ya shirika na una mamlaka yote ya msimamizi. Mnajua vizuri kuliko mimi kwamba sera za kudhibiti akaunti tunazoweka kwenye Organizations haziigusi akaunti kuu. Mwenye ufunguo huo hana kizuizi. Mkataba unasema funguo zote zifutwe siku ya makabidhiano. Nilipoukagua kwa `aws iam get-access-key-last-used`, niliambiwa ulitumika mara ya mwisho tarehe 17 Mei, wiki 11 baada ya ninyi kuondoka. Nimeuzima. Nataka kujua aliyeutumia ni nani na alikuwa akifanya nini.

Niliwapigia simu tarehe 23 Mei. Nikajibiwa kwanza kwamba skripti ilimaliza bila kosa lolote, kisha kwamba akaunti zilizoalikwa "hazikuwa sehemu ya kazi". Nilituma nakala ya kiambatisho cha pili siku hiyohiyo. Tarehe 27 Mei nikapokea kutoka kwenu ankara ya awamu ya pili. Barua pepe zangu tatu zilizofuata hazijajibiwa.

Huenda kwenu hili ni suala la kiufundi la mteja mmoja wa mikoani. Niruhusuni niwaeleze kwetu lina uzito gani. Historia ya CloudTrail, daftari la AWS la matendo yanayofanyika kwenye akaunti, inayokuja bila kuwashwa hutunza siku 90 za matendo ya usimamizi, lakini usomaji wa faili moja moja ndani ya S3 haurekodiwi mpaka mtu awashe kumbukumbu zake. Hazikuwa zimewashwa. Kwa hiyo siwezi kumwambia mgonjwa yeyote kama majibu yake yalisomwa, na nani, mara ngapi. Katika majibu hayo kuna ya VVU na kuna vipimo vya mimba vya mabinti wa shule. Kwenye kijiji ambako kila mtu anamjua mwenzake, karatasi moja ya namna hiyo inaweza kumvunjia mtu ndoa au kumhamisha kijiji. Tumeiandikia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2022, na waganga wafawidhi wetu wameanza kukaa na wagonjwa, mmoja baada ya mwingine, kuwaomba radhi. Mimi mwenyewe nilikwenda nyumbani kwa yule ambaye majibu yake yalifunguliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mmeshafunga?" Nilimjibu ndiyo, na niliweza kumjibu hivyo kwa sababu nilikuwa nimefunga kwa mkono wangu na kuangalia jibu lililorudi.

Tunataka mfanye upya kazi yote kwa gharama zenu katika akaunti 18 na kanda zote mbili, mbele ya mtumishi wa kitengo changu, na kila badiliko lifuatwe na amri ya kusoma hali halisi kutoka AWS. Majibu hayo kama yalivyotoka ndiyo yatakuwa ripoti. Amri ikishindwa, skripti isimame. Tunataka maelezo ya maandishi kuhusu matumizi ya ufunguo tarehe 17 Mei, na uthibitisho kwamba hakuna nakala yake iliyobaki kwenye simu wala kompyuta za watumishi wenu. Ankara ya awamu ya pili hatutailipa, na tunadai mturejeshee malipo ya awamu ya kwanza kwa sehemu inayohusu Cape Town na zile akaunti tano, kwa viwango mlivyoviweka wenyewe kwenye jedwali la bei.

Maelezo kuhusu ufunguo tunayahitaji ndani ya siku tatu tangu mpokee barua hii, na mengine ndani ya siku 14. Muda huo ukipita bila jibu, mwanasheria wa shirika ataendelea na hatua za madai kama kifungu cha usuluhishi kinavyoelekeza. Nimeambatisha skripti yenu ikiwa na ufunguo umefichwa, ripoti ya 28 Februari, majibu ya amri nilizozitaja na kiambatisho cha pili cha mkataba.

Wako katika kazi,

Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA

Nakala: Mkurugenzi wa Shirika, Mwanasheria wa Shirika