Kwa Rukia, kabla hujapanda ndege

Ngamiani, Tanga

Shoga Rukia,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, ila mvua imetushika, matope hadi mlangoni. Mama Kauthar kanipigia jana usiku: eti unampeleka mama Hyderabad, India, kwa lile goti, ndege mwezi ujao, na mimi niliyesoma kule sina habari! Haya, ugomvi wetu upo palepale, tutaumaliza ukirudi. Ya hospitali siyaingilii. Nakuandikia kwa zile siku mama amelala na wewe unazungukazunguka chumbani.

Kwanza biriani. Usiende na fikra za biriani ya kwetu, wali mbali rojo mbali. Kule nyama inalazwa mbichi na mtindi na viungo, inafunikwa wali ulioiva nusu, sufuria inazibwa kwa unga uliokandwa, vyote vinaivia humo humo kwa mvuke. Mpakuaji anachota toka chini, kwa hiyo sahani ina wali mweupe, wa manjano na uliokolea masala, nyama imefukiwa katikati. Usiivuruge. Utaletewa na vibakuli viwili: mtindi, na rojo la karanga na ufuta lenye pilipili nzimanzima. Hilo la pili onja kwa ncha ya kidole, nakujua wewe. Sahani moja mnakula wawili na inabaki. Ingekuwa Ramadhani ningekutuma haleem, ndugu yake bokoboko, lakini basi.

Charminar, lile jengo la minara minne, nenda alasiri, jua likipungua. Imesimama pale tangu 1591 na pikipiki zote za mji zinapita chini yake, kwa hiyo mkoba uvae mbele. Ijumaa mchana iache, Msikiti wa Makka uko jirani na watu wanafurika. Hata makumbusho ya Salar Jung siku hiyo hufungwa. Ukichoka, kunywa chai ya Irani pale mkahawa wa Nimrah na biskuti za Osmania, zina chumvi kwa mbali. Chovya haraka, zinakatikia kikombeni.

Sasa sikiliza, hapa ndipo ninapokuomba. Hapo hapo Charminar kuna kichochoro cha bangili, Laad Bazaar. Tafuta fundi anayetengeneza palepale: anaipasha lakiri juu ya makaa mpaka ilainike, anaizungusha iwe duara, kisha anabandika vijiwe kimoja kimoja kabla haijapoa. Za hivyo ndizo ninazozitaka, za kijani. Saizi yangu 2.6, usiniletee 2.4 zikaishia kwa binti yangu. Akitaja bei, taja nusu, kisha anza kuondoka taratibu. Taratibu, Rukia, si kwa mbio zako zile.

Lulu wanauza tele, ila bahari iko mbali na Hyderabad, ni za kutoka nje. Isugue kwenye meno: ya kweli inakwaruza kidogo, ya plastiki inateleza.

Fedha: wenyeji wanalipa kwa simu hata kwa muuza ndizi, wewe beba noti ndogondogo. Anayekupa noti ya rupia 2000 mrudishie, ziliondolewa kwenye mzunguko 2023. Bajaji elewana bei kabla hujakaa.

Na kwenye biriani nilisahau: ukisema pilipili kidogo watatikisa kichwa vizuri kabisa, kisha inaletwa vilevile. Dawa ni mtindi. Maji ya chupa tu, na kizibo ukifungue mwenyewe.

Ngome ya Golconda nenda bila mama, ngazi zile si za goti. Piga kofi langoni, mwenzako aliye juu kileleni atalisikia. Kuna na mtaa wa A.C. Guards, wanaishi wajukuu wa askari wa Kiafrika waliomtumikia Nizam, mtawala wa Hyderabad wa zamani, wapanda farasi. Mimi nilipofika mara ya kwanza nilidhani nimeona watu wa... basi, utajionea.

Visa yako ya msindikizaji imetoka, au ni ya mama tu? Mtafikia wapi, karibu na hospitali? Watoto wanabaki na nani, si kwa wifi yako yule? Na Sabra mmeshapatana, au bado ile fedha ya mchezo? Nijibu kabla ya Jumamosi, maana kuna mtu wa Dar nataka akuletee mfuko wa kubebea.

Zuhura