Kuenea kwa jeni hakutoshi kuwa ushahidi

Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala yenu kuhusu jeni inayowawezesha watu wazima kumeng'enya maziwa, na ingawa hitimisho lake ni sahihi, njia iliyotumika kulifikia ina kasoro. Mwandishi anasema kwamba kwa kuwa jeni hiyo imeenea sana miongoni mwa wafugaji, basi ni lazima iwe imeenezwa na uteuzi asilia, yaani kwa kuwa iliwasaidia walionayo kuishi na kuzaa zaidi. Tangu mwaka 1968, mwanajenetiki Motoo Kimura wa Japani alipotoa hoja kwamba mabadiliko mengi ya molekuli hayamfai wala hayamdhuru aliyenayo, wanabaiolojia wamejihadhari na kauli ya namna hiyo, kwani jeni huweza kuenea kwa bahati tupu.

Kisiwa cha Pingelap katika Bahari ya Pasifiki kinatosha kuwa mfano. Mnamo mwaka 1775 hivi, kimbunga na njaa iliyofuata viliwabakiza watu wapatao 20 tu, na mmoja wao alikuwa amebeba jeni ya kutoona rangi kabisa. Hivi sasa wenye hali hiyo kisiwani ni kati ya asilimia 5 na 10, na macho yao huumizwa na mwanga wa jua. Sidhani kama kuna atakayedai kwamba jua la Pasifiki liliwateua watu wasiolistahimili!

Kilichothibitisha habari ya maziwa ni kitu kingine, ambacho makala haikukigusa. Katika kila kizazi kromosomu, yaani nyuzi za DNA zinazobeba jeni, hubadilishana vipande, hivyo jeni iliyojikongoja hadi kuwa ya kawaida hubaki na sehemu ndogo tu ya DNA iliyokuwa jirani yake mwanzoni, ilhali iliyoenea upesi huwa bado imeandamana na kipande kirefu cha DNA hiyo. Mwanajenetiki Sarah Tishkoff na wenzake, waliowachunguza Watanzania, Wakenya na Wasudani, walionyesha mwaka 2007 kwamba badiliko moja la kumeng'enya maziwa lililoenea Kenya na Tanzania limezungukwa, kwa walionalo, na kipande kinachofanana kwa zaidi ya herufi milioni 2 za DNA, ingawa umri wake ni maelfu machache tu ya miaka. Watu wanapopungua ghafla, kama kule Pingelap, alama hubaki katika vinasaba vyote. Hapa alama imekaa mahali pamoja. Tena Wazungu wana badiliko lao tofauti, jirani kabisa na hilo, linalofanya kazi ileile.

Niongeze kwamba katika kipande hicho kirefu zimo tofauti nyingine zilizobebwa tu na mwenzao, nazo zimeenea bila faida yoyote. Kwa hiyo aya ya mwisho ya makala, inayodai kwamba hata umbo la ndewe za masikio liliteuliwa kwa kuwa wengi wanalo, naomba mwandishi ailetee ushahidi wa aina hii au aifute.

Mwalimu wa baiolojia,
Morogoro