Kabla hujaipiga pasi sketi ya plisse

Sketi nyingi za plisse, yaani za marinda yaliyokazwa kwa moto, tunazoletewa zimeharibikia nyumbani, tena kwa nia njema. Mtu kaifua, kaiona imejikunja, kaipiga pasi ya moto. Imelala bapa, marinda yamebaki michirizi. Cherehani haiyarudishi. Tunachoweza ni kuifumua na kukushonea sketi pana ya kawaida, basi.

Plisse ya Wafaransa haishonwi. Kitambaa hulazwa katikati ya karatasi mbili ngumu zilizokunjwa marinda tayari, hufungwa, kisha huingizwa kwenye mvuke. Poliesta ikipata moto hulainika, ikipoa hukaza vilevile ilivyokunjwa, ndiyo maana unafua na marinda yapo. Pasi nayo huilainisha, ila inapoa ikiwa bapa.

Halafu kuna hili: "Fundi, niwekee plisse kwenye kitenge changu." Kitenge cha pamba hakishiki, marinda ya pasi yanakaa mpaka yaguswe na maji. Hata hariri ni vivyo hivyo. Zile gauni za hariri za marinda zilizoitwa Delphos, alizotengeneza mbunifu Mariano Fortuny kule Venice mwanzoni mwa karne ya 20 zikilowa marinda yalilegea, wenyewe wakazirudisha kwake zikunjwe upya. Sasa sisi na kitenge cha kufua kila wiki tutaweza wapi?

Kwa kitenge tunakunja marinda kwa mkono, tunayapiga uzi kutoka kiunoni hadi juu ya nyonga, chini tunayaachia. Yanakula kitambaa mara tatu: nyonga za sentimita 100 zinataka mzunguko wa mita 3. Kitenge kina upana wa sentimita 115 hivi, kwa hiyo tunaunga vipande vitatu, na sketi ya urefu wa sentimita 80 inamaliza yadi 3. Tafadhali usije na yadi 2 ukatuambia tubanebane.

Ukienda kununua plisse ya kushonesha, uliza kama ni poliesta tupu, kisha tazama marinda yanaelekea wapi. Yakikatiza upana wa jora, kitambaa huvutika kwa urefu, na muuzaji akikivuta anapopima, utafika kwetu na yadi pungufu. Mwambie akilaze mezani ndipo apime.

Kufua, maji ya baridi. Usiikamue kwa nguvu, ibane kiunoni kwa vibanio uiache ijichuje kivulini.