Watoto waambiwe Kariakoo ni nini

Mhariri,

Assalaam alaykum. Iddi pili nilimpeleka mjukuu wangu Kariakoo, uwanja wa kufurahishia watoto hapa Unguja, kupanda pembea. Tuko kwenye foleni ya tiketi, kashata mkononi, akaniuliza: "Babu, Kariakoo maana yake nini?" Wazazi wawili watatu waliokuwa karibu wakageuka, nao wanataka kusikia. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu zamu yetu ilikuwa imeshafika. Jibu refu naomba nilitoe hapa.

Jina hilo limetoka jeshini. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kikiitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikakifanya Kariakoo. Nairobi wakasema Kariokor. Dar es Salaam ilipotekwa Septemba 1916, wapagazi waliwekwa kambini pale penye soko la Kariakoo la huko leo, wakingojea kupelekwa vitani. Huko bara ndorobo alimaliza farasi, punda na ng'ombe, na mvua ikinyesha hata gari hazipiti. Kwa hivyo risasi, mahema na chakula cha askari vyote vilipanda vichwani mwa watu.

Na Unguja ilitoa watu wake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na miaka mitatu baba yake alipochukuliwa. Alikuwa hamali wa bandarini, mbeba magunia ya karafuu, mtu wa nguvu, na naamini ndiyo sababu walimtaka. Alipewa blangeti moja, akaondoka. Aliyerudi ni jirani yake. Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba mwenziwe alishikwa na tumbo la kuhara damu, wakamlaza chini ya mti, msafara ukaendelea. Mtu aliyezoea wali na muhogo analishwa unga wa mahindi ulioiva nusu, mwezi baada ya mwezi, na mzigo kichwani. Maradhi yaliwaua wapagazi wengi kuliko risasi. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja waliokufa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa wengi kuliko hapo.

Lakini yule jirani hakumwona akikata roho. Kila akisimulia, bibi alikuwa akifika hapo hunyamaza kidogo. Mama yake hakujua akae eda au angoje. Akangoja. Kila Ramadhani ikikaribia aliitoa kanzu ya mumewe ya Ijumaa, akaifua, akaikunja tena, mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Khitma ilisomwa miaka mingi baadaye, bila ya kaburi la kwenda kulizuru.

Siwaonei choyo waliopata makaburi. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyotokea Rufiji, iliipiga Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wetu huku mashine za Pegasus zikitengenezwa. Mabaharia wake wamelala kisiwani Chapwani, na anayepita anajua ni akina nani. Wanastahili. Dar nako ipo sanamu ya Askari tangu 1927. Maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, ingawa aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Sisi tumebakiwa na jina la pahala, basi, na watoto hawaambiwi limetoka wapi.

Ninachoomba si mnara. Naomba kibao kwenye mlango wa uwanja, kwa Kiswahili, kiseme Kariakoo ni neno la nini na kwamba watu wa Unguja na Pemba walipelekwa kubeba mizigo ya vita ya wakubwa na wengine hawakurudi. Kiwekwe usawa wa macho ya mtoto, maana ndio wanaokwenda pale. Walimu wa historia wawapeleke wanafunzi kwenye ofisi ya Nyaraka, Kilimani, wakafunue makaratasi ya miaka ile badala ya kukariri majina ya majemadari wa Ulaya.

Na familia zenye habari kama ya kwetu ziandike. Jina la mtu, mtaa aliotoka, kazi aliyokuwa akifanya, nani alileta habari zake. Mpelekeeni sheha, au mwalimu wa skuli ya karibu, madhali wapo wazee wawili watatu waliosikia kwa masikio yao. La kwetu nimeshaliandika juzi, kwa wino, kwenye daftari la mjukuu wangu.

Babu wa Ng'ambo,
Unguja