Kwenye kituo cha afya, mama naye apimwe

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama mshonaji hapa Kadutu, Bukavu. Miaka hii wateja wengi wanarudisha nguo nizipanue, na mwenye kupanuliwa anasifiwa palepale: "Mama amenona, bwana anamtunza!" Akikonda, wanamnong'onea ugonjwa au ndoa mbovu. Nani basi atakubali kupungua?

Sisi watu wa Kivu tumefundishwa kuogopa bwaki, ule utapiamlo unaovimbisha watoto, na ni haki. Lakini nashonea nyumba ambamo mtoto amevimba miguu kwa bwaki, na mama yake ana tansio (presha ya damu), magoti hayambebi tena. Sufuria yao ni moja. Bugali ya muhogo ni nyingi, mafuta yapo, ila maharagi na samaki wadogo wa sambaza ni vya siku ya pesa. Bugali inashibisha wote wawili, lakini haimpi mtoto cha kujengea mwili, na kwa mama kinachozidi kinageuka mafuta. Kwa hiyo wanaosema unene ni ugonjwa wa Wazungu au wa matajiri waje waone. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu wazima milioni 890 wenye unene uliopitiliza mwaka 2022, na nchi maskini zimo.

Tena kwenye dote zetu, sherehe za mahari, mgeni asipopewa soda ni aibu. Chupa moja ya sentilita 33 inabeba karibu gramu 35 za sukari, na shirika hilohilo linashauri mtu mzima asivuke 50 kwa siku nzima, afadhali 25. Na milima yetu, ambayo mama zetu waliipanda na mzigo mgongoni, wenye nauli tunaipanda kwa moto, yaani pikipiki.

Kiuno cha mwanamke kikipita sentimita 88, na cha mwanaume 102, hatari ya ugonjwa wa sukari na wa moyo inapanda sana. Kipimo hicho hakichukuliwi pale sketi inapofungwa. Ni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiisha kutoa pumzi.

Ombi langu ni kwa wakubwa wa afya wa mji. Siku ya kupima watoto uzito, kadi ya mtoto inajazwa vizuri, ila mama aliyembeba anarudi bila namba yake hata moja. Wampime naye kiuno, uzito na tansio, wamwambie maana yake bila kumwaibisha. Kituo kisicho na utepe kije kwangu, nitakipa.

Mama mshonaji,
Kadutu, Bukavu